Mtoro Mkuu Nilikuwa Mimi

Wahenga walinena kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii nimeiandika katika insha nyingi na kupata alama nzuri. Hata hivyo, maana yake niliijua mwaka jana, mama yangu alipougua saratani ya matiti.

Mpenzi msomaji, saratani haimwingii mtu mmoja, huivamia nyumba nzima. Kila baada ya wiki tatu mama alidamka alfajiri, akapanda matatu pale steji ya Juja kwenda hospitali kutiwa dawa mshipani, ile watu huita kemo. Jioni alirudi hoi bin taabani. Nywele zilipukutika. Chakula, alisema, kilikuwa na ladha ya chuma. Majirani waliozoea kuja kuomba chumvi wakaanza kupitia njia ya nyuma. Wachache waliofika walimsimulia habari za fulani aliyeugua vivyo hivyo "na hakumaliza mwaka". Wengine walisema, "Jikaze tu, utapona," huku wakitazama saa.

Siwalaumu, maana mtoro mkuu nilikuwa mimi. Sisi wa shule ya kutwa hatuna bweni la kujifichia, basi nilijificha darasani. Nilimdanganya mama kuwa kuna prepu hadi saa kumi na mbili, kumbe nilikuwa nikichorachora daftari. Sikujua nimwambie nini.

Likizo ya Agosti nilimsindikiza. Nilitoka kununua maji, na niliporudi nikasikia sauti ngeni, nikasimama nyuma ya pazia. Kando ya mama aliketi mwanamke aliyevaa kitenge. Alikuwa mtu wa kujitolea, asiyelipwa hata senti, naye aliwahi kuugua maradhi yayo hayo.

"Mama, leo ni nini inakusumbua zaidi?" aliuliza. Kisha akanyamaza. Dripu ikadondoka, tone kwa tone.

"Naogopa usiku," mama akasema hatimaye. "Na huyu mtoto wangu siku hizi ananikwepa. Nafikiri anaogopa hiki kichwa."

Moyo ulinipasuka! Yule mama hakumwambia asiogope. Alimshika mkono, akasema, "Hata mimi niliogopa usiku." Mama akalia sana. Ajabu ni kwamba tukirudi nyumbani aliitisha mahindi choma, akala yote.

Nilikuja kujua kuwa kazi hii si ngeni nchini. Nairobi Hospice imewahudumia wagonjwa na jamaa zao tangu mwaka wa 1990. Mwaka wa 2010 Faraja Cancer Support Trust ilianzishwa, nayo huwapa wagonjwa ushauri nasaha bila malipo. Jina lenyewe lasema yote. Anayejitolea hatoi dawa wala haahidi uponyaji. Hiyo ni kazi ya daktari na ya Mungu. Yeye huketi na kusikiliza.

Tangu siku hiyo prepu zangu zimekwisha. Kemo pia imekwisha, na sasa mama anapigwa miale, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwisho wake siujui. Jioni tunamenya viazi pamoja, na siku nyingine hatusemi neno.

Wenzangu, ukisikia jirani anaugua, usihangaike kutafuta maneno matamu. Vuta kigoda uketi.