Tulipokwenda Kuhesabu Maua Amani

Tulitoka Muheza alfajiri, akina mama sita wa kanisa, tukapanda hadi Amani katika milima ya Usambara Mashariki. Wengi wetu tulilijua ua la Usambara kwenye vyungu vya madirishani tu, kumbe kwao ni huku! Mwaka 1892 ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake huko Ujerumani, na mwaka 1893 likapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Ulaya huuzwa madukani. Porini ni adimu.

"Msikanyage hapo, mama zangu," mzee aliyetuongoza alituonya. Tuliinama. Kwenye mwamba wenye unyevu palikuwa na majani yenye vinyweleo na maua ya zambarau, katikati manjano. Ua hili huishi kwa kivuli cha miti mikubwa. Mti ukiondoka, mwamba hukauka.

Mwamba wa pili tuliukuta juani. Daftari la safari iliyotangulia lilisema mashina 31. Sisi tuliona 9.

"Tuandike hata 20," mwenzetu mmoja alinong'ona, "wasije wakasema hatukutazama."

Sisi wauguzi tunakijua kishawishi hicho. Siku ya kliniki mtoto amepungua uzito, na mama yake anakusihi umwongezee kidogo kwenye kadi. Ukikubali, nani atajua kwamba mtoto anahitaji msaada?

Tulipiga magoti tukahesabu tena, polepole. Yalikuwa 9. Mzee alitazama daftari, akaweka sahihi yake, wala hakusema neno mpaka tulipofika garini.