Pipa la bluu na chungu cha Bibi

Nimepotea kidogo, test zimebana hapa Mkwawa na nikipata nafasi nalala. Leo nimetoka maabara nikiwa na aibu moja ya tangu likizo iliyopita, nikasema bora niiandike.

Kwa wasiopajua, Lupingu iko Ludewa, chini kabisa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ukitoka Iringa unapita Makambako, Njombe, Ludewa mjini, halafu unateremka milima ya Livingstone mpaka masikio yanaziba. Huko ndiko Bibi yangu anapika pombe ya ulezi. Sifichi. Sare zangu, madaftari, hata begi nililokuja nalo chuo, vyote vimetoka kwenye hiyo pombe.

Vyombo vyake si vingi. Gunia la kuoteshea ulezi, mkeka wa kuuanikia, mafiga, sufuria kubwa la kupikia uji, mwiko mrefu kama kasia, kiroba cha kuchujia, kata ya kuchotea. Na chungu. Hivyo vingine unaazima kwa jirani, chungu hapana. Cha Bibi kilifinyangwa na akina mama wa Kikisi hapo hapo ufukweni, wale ambao vyungu vyao hupakiwa kwenye mitumbwi hadi mnadani Matema. Ilikuwa ni mikono tu, udongo mwekundu wa kupaka na moto wa wazi, lakini kilidumu kunizidi mimi umri.

Sasa mwaka jana kikapasuka. Mjomba akanipigia simu, Bibi hapiki, hela hakuna. Bumu lilikuwa limeingia wiki hiyo hiyo. Likizo ilipofika nikashuka Makambako, nikapata pipa la plastiki la bluu, limetumika, lina mfuniko wa kukaza, shilingi 25,000. Lebo ilikuwa imekwanguliwa. Muuzaji akasema lilikuwa la mafuta ya kula. Jamani, nilijiona mjukuu bora Tanzania nzima! Nikalipandisha juu ya basi, nikaenda nalo mpaka ziwani.

Bibi akafungua mfuniko, akaingiza kichwa chote ndani.

“Lilibeba nini hili?”

“Mafuta ya kula, Bibi.”

“Mafuta hayanuki hivi. Hii ni ile dawa wanayopiga kwenye viazi huko juu Njombe.”

Nikaliosha kwa Omo mara tatu. Akanusa tena, akatikisa kichwa. Hapo nikapandwa na hasira, maana ile ilikuwa hela yangu ya kula chuo. Nikamwambia, “Bibi, mimi ndiye ninayesoma kemia.” Hakunijibu. Alichukua msumari, akauweka kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akatoboa pipa matundu manne chini. Akasema jirani asije akaliazima.

Sikuongea naye siku mbili.

Basi leo maabara mwalimu anaeleza kwa nini dawa fulani hatuziweki kwenye vyombo vya plastiki. Plastiki hunyonya. Sabuni inaosha ukuta wa juu tu, kilichoingia ndani kinatoka taratibu, na pombe yenye alkoholi na uchachu inakaa humo siku nzima ikikivuta. Nikaandika notisi huku uso unawaka.

Mbaya zaidi mimi nilikuwa nacheka kile chungu. Bibi hakioshi kwa sabuni, anasuuza maji tu, nikawa naona uchafu. Kumbe udongo una vitundu, na humo ndimo inamobaki hamira ya mapishi yaliyopita. Pombe mpya ukiimimina inaanza kutoa povu yenyewe. Tena maji yanayojipenyeza nje yanakausha joto, chungu kinabaki cha baridi hata pwani ya ziwa ikichemka. Na kimea hivyo hivyo. Ulezi analoweka usiku mmoja, anaufunika siku mbili tatu uote, anaanika, anasaga. Uji ukipoa anachovya kidole kwanza ndipo anatia kimea. Uji ukiwa wa moto sana vimeng'enya vinakufa, wanga haugeuki sukari, hamira inakosa chakula. Hilo neno vimeng'enya hajawahi kulisikia.

Ni kweli chungu peke yake hakimlindi mtu. Januari 2015 kule Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa kwa pombe ya msibani. Watu walisema ni nyongo ya mamba. Uchunguzi ukakuta ni sumu ya bakteria, na unga wa mahindi ndio ulioshukiwa. Sumu ile haiishi hata ukichemsha. Bibi akiona unga umelowa na kubadilika rangi anamwaga, na nilishawahi kumwambia anachezea hela.

Wanaokunywa kwake ni mjomba wangu, mwalimu wangu wa darasa la nne, wavuvi, mama wa jirani. Nawaza tu kama angenisikiliza mimi mwanakemia.

Jana nimempigia. Chungu kipya kimeshafinyangwa, kinakauka kivulini, bado kuchomwa. Kikitoka motoni atakipikia uji wa pumba kwanza ili kisivuje. Nikamwambia bumu likiingia nitalipia mimi. Akauliza, “Ulishakula leo?” Kuhusu pipa hajataja, na mimi bado sijamwomba radhi. Mjomba anasema wamepanda mchicha ndani yake, itabidi nipige tena leo usiku niwaambie wasiule.