Stalag Njiani Kwenda Muleba

Meli ya kutoka Mwanza ilitia gati Kemondo alfajiri, ikashusha watu na mizigo, na kulipopambazuka vizuri tulikuwa tayari mbele ya Bukoba, kisiwa cha Musira na mwamba wake kikitupokea. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika Kagera, nami nilikuwa nimekuja kutafuta enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya inayoghaniwa tendi. Nilizisoma tendi zake katika maandishi ya Profesa Mulokozi, nikataka nisikie kwa masikio yangu namna mghani anavyozikuna nyuzi zile zile huku kisa kikibadilika.

Stendi nilipanda Hiace ya Muleba. Konda akachomeka flashi, akaongeza sauti, na badala ya enanga ikaanguka besi ya Stalag, mdundo wa reggae kutoka Jamaika. Aliyewahi kuisikia hawezi kuikosea: besi inakwenda kwa hatua nzito, ogani inaikatia juu kwa vipande vifupi, na katikati kuna nafasi tele ya mtu kusema lake. Alianza Tenor Saw, “Ring the Alarm” ya mwaka 1985. Tulipoiacha Kyetema, migomba na mibuni imesongamana pande zote mbili za lami, akaingia Sister Nancy na “Bam Bam”.

Mzee niliyekaa naye alikuwa anatafuna kahawa taratibu, moja moja, akizitoa kwenye kipande cha jani la mgomba lililokauka.

“Mwanangu,” akasema, “wimbo huu si ndio umekwisha sasa hivi?”

“Hapana, mzee. Muziki ni ule ule, mwimbaji ndiye mwingine.”

Hakuonekana kuridhika, nami nikajikuta namsimulia Jamaika mpaka Muhutwe. Kwamba mdundo huo ulirekodiwa na mpiga ogani Ansell Collins chini ya mtayarishaji Winston Riley mwaka 1973, ukapewa jina la “Stalag 17”, filamu ya Kimarekani kuhusu mateka wa vita. Kwamba kule mdundo hauzikwi na wimbo wake wa kwanza. Mtayarishaji anautoa tena kabatini, anamwita kijana mwingine, anamwambia imba. Ndiyo riddim. General Echo aliupitia, akaja Nancy mwaka 1982, Tenor Saw akafuata. Kwa maoni yangu ni mtihani mkali kuliko kutungiwa muziki mpya, maana msikilizaji tayari anajua wenzako walifanya nini hapo hapo.

“Na wote wanalipwa?”

Swali la mtu aliyeuza kahawa maisha yake yote, nadhani. Nikamweleza habari za Nancy: wimbo wake ulizunguka dunia, ukaingia kwenye filamu na matangazo, naye kwa zaidi ya miaka 30 hakuona pesa zake. Alihamia Marekani, akafanya kazi benki. Ni baada ya kuusikia kwenye tangazo la viatu mwaka 2014 ndipo alipotafuta mwanasheria na kuanza kupata haki yake. Tenor Saw hakufika huko. Alifariki mwaka 1988 akiwa na miaka 22 tu.

Mzee akatikisa kichwa, akanigawia kahawa. Chungu kwanza, halafu ladha inakuja yenyewe.

Konda, aliyekuwa anatusikiliza muda wote huku akidai nauli, akadakia: “Kaka, hata sisi tunayo hiyo. Salome je?” Alikuwa sahihi. “Maria Salome” ya Saida Karoli, binti wa Kagera, ilivuma mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaijengea “Salome” yao, na watoto ambao hawakuwahi kuona kanda ya kaseti wakaanza kuuliza huyo Saida ni nani. Si riddim kwa maana ya Kingston, lakini swali la mzee linaihusu vile vile.

Konda akabadilisha flashi. Akaweka kwanza ya Diamond, vijana wa mbele wakaitikia. Kisha ya Saida. Hapo akina mama wa siti ya nyuma, waliokuwa kimya na vikapu vyao tangu Bukoba, wakaidaka kwa Kihaya neno kwa neno, mmoja akipiga kofi kwenye ndoo ya dagaa, na dereva akapunguza mwendo ingawa Muleba tulikuwa tumeshaikaribia na abiria wa kushuka walikuwa wameanza kugonga bodi.