Mteremko wa Mstari na Maji ya Kalamba



Wazazi wengi hulalamika kuwa hisabati ya shule imewapita kimo, hasa pale mtoto aulizwapo mteremko wa mstari kwenye grafu. Elimu hiyo si ngeni kwetu. Tangenti, ambayo ndiyo kipimo cha mteremko, wanazuoni wetu wa kale waliiita dhili, yaani kivuli, na Al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya vivuli. Sisi Mashafii twautumia mteremko kila alasiri. Siku ambayo kijiti hakina kivuli wakati wa adhuhuri, Asri huingia kivuli chake kikishalingana na urefu wake. Hapo mwale wa jua hushuka shibiri moja kwa kila shibiri moja ya ardhi.

Mwezi wa Septemba nilikuwa Kalamba, Makueni, alikoolewa dada yangu. Kwetu pwani tegemeo ni masika. Ukambani ni vuli, na vuli ilikuwa bado. Binti yake alikuwa akipima maji ya matangi mawili ya nyumbani na kuyachorea grafu: siku kwenye mhimili wa mlalo, lita kwenye mhimili wa wima. Tangi kubwa, la kufulia, mbuzi na miche ya miembe, lilikuwa limeshuka kutoka lita 8,000 hadi 6,000 kwa siku 10. Dogo, la kunywa na kupikia, kutoka 4,500 hadi 4,000.

Shemeji aliitazama karatasi, akasema tangi kubwa halina neno, kwani mstari wake uko juu. Hata jirani aliyeomba maji ya kufyatulia matofali atapewa.

"Mjomba, nimwelezeje baba?" binti akaninong'oneza.

Nikamuuliza shemeji ni shamba lipi kati ya yale yake mawili lililokuwa likichukuliwa udongo na mvua. Akajibu bila kusita: si lile la kileleni, lile ni tambarare; ni la chini, penye mteremko mkali, ndilo alilolichimbia fanya juu, mtaro wa kukinga maji ambao udongo wake hurushwa upande wa juu. Kisha akanyamaza, akaivuta tena karatasi.

Mstari ulio juu ndio uliokuwa mkali. Gawanya mshuko wa wima kwa mwendo wa mlalo: 2,000 kwa siku 10 ni lita 200 kwa siku, na kwa kuwa maji yanapungua, huandikwa kwa alama ya kutoa. Tangi dogo lilishuka lita 50 tu kwa siku. Lililojaa zaidi lingekauka baada ya siku 30. Dogo lingedumu siku 80. Na mpaka mwanzo wa Novemba, walipoitarajia mvua inshallah, zilibaki siku 65.

Tukayajumlisha: lita 10,000, matumizi 250 kwa siku, siku 40 basi. Ili yafike, mteremko ulipaswa kulegezwa hadi lita 150 hivi. Jirani akaombwa radhi. Mbuzi wakapelekwa kunywa kwenye visima vya mchangani, mtoni, na baadhi ya nguo zikafuata huko huko. Miche ya miembe ndiyo iliyoleta ubishi. Dada yangu alitaka imwagiliwe maji yaliyooshea vyombo, shemeji akahofia sabuni. Nilipoondoka hawakuwa wameafikiana, na binti alikuwa amechora mstari wa tatu kwa penseli.