MANILA: MJI UNAOULIZA, "UNA MWENZAKO?"

Wazee wetu hupenda kusema kwamba mji mkubwa hauna ndugu. Kijijini mtu akipita njiani huulizwa habari za nyumbani kwake; mjini hupita katikati ya watu elfu, wala hakuna amtazamaye. Neno hilo tulikuwa nalo moyoni siku tuliyofika Manila, mji mkuu wa Ufilipino, bila mwenzi, bila mwenyeji, tukiwa na sanduku moja na rozari mfukoni.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,600, upande wa mashariki wa Asia. Manila umejengwa katika kisiwa cha Luzon, mahali mto Pasig unapoingia baharini. Kwa hesabu ya mwaka 2020 mji wenyewe ulikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Ukiujumlisha pamoja na miji iliyoungana nao, watu walipita 13,000,000. Nyumba zimebanana, nyaya za umeme zimesongana juu ya vichwa kama utando wa buibui, na kelele za magari hazinyamazi hata usiku. Ndipo tulipojiuliza: katika watu wengi namna hii, mtu wa peke yake atashikwa mkono na nani?

Jibu la kwanza tulilipata ndani ya gari. Watu wa Manila wasio na motokari zao husafiri katika gari liitwalo jeepney. Asili yake ni magari madogo ya jeshi la Amerika yaliyobaki baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945. Mafundi wa mji waliyachukua, wakayarefusha, wakatia ndani viti viwili virefu vinavyoelekeana, wakayapaka rangi za kila namna. Mengi yana sanamu ya Bikira Maria mbele ya dereva. Abiria huingia kwa nyuma, naye dereva hageuki kudai nauli. Basi, aliyekaa nyuma hulipaje? Hutoa fedha yake, husema "Bayad po", yaani "malipo haya", akampa jirani. Jirani humpa mwingine, na huyo mwingine, hata ifike kwa dereva. Chenji hurudi kwa njia ile ile. Siku moja tulihesabu mikono sita iliyoshika fedha yetu: mkono wa mwanafunzi, wa mama mwenye samaki, wa fundi mwenye vidole vya rangi. Hakuna aliyeitazama mara mbili. Chenji ilirudi kamili.

Lile neno "po" ni la heshima tu. Huongezwa katika usemi mtu anaponena na aliyemzidi umri, au na mtu asiyemjua. Katika gari lililojaa jasho na haraka, kila mtu husema "po". Vilevile tuliona watoto wakiingia nyumbani wakiushika mkono wa bibi yao na kuugusisha kwenye paji la uso wao, ili kuomba baraka. Mji umekua, lakini adabu hii haikuachwa kijijini.

Chakula tulikula katika vibanda vya kando ya njia. Vyungu hupangwa mezani; nawe mgeni usiyejua lugha huonyesha kwa kidole unachotaka, ukapewa pamoja na wali. Asubuhi kuna mikate midogo ya moto iitwayo pandesal. Kila mtaa una duka dogo katika dirisha la nyumba, ambamo vitu huuzwa kimoja kimoja: kitunguu saumu kimoja, sabuni ya kufulia ya siku moja tu. Hatukuhitaji kuelezwa sababu. Mtu apataye fedha ya leo hununua cha leo.

Tena wenye kula wakimwona mtu akipita, humwambia: "Kain tayo", maana yake "Na tule". Ni sawa na "Karibu" yetu. Mpita njia hushukuru na kuendelea na safari yake, lakini ameitwa, hakupita kama mbwa.

Swali moja lilitufuata kila mahali. Mwenye duka, dereva, mlinzi wa mlangoni, wote waliuliza: "Je, una mwenzako?" Kwa lugha yao mwenzi huitwa "kasama". Mara ya kwanza swali hilo halikutupendeza, maana mwizi naye huuliza lile lile. Lakini mama mmoja, mwenye kibanda tulichozoea kula, alitufungulia maana yake. Binti yake ni mtumishi wa nyumbani katika nchi za Waarabu, ana miaka minne hajarudi. "Ninapomwona mgeni anakula peke yake," alisema, "nafikiri kwamba naye huko anakula peke yake. Nikikuuliza wewe, labda huko yuko mtu atakayemwuliza yeye."

Maneno ya mama huyu ni ya jamaa nyingi sana. Watu wa Ufilipino wapatao milioni mbili hufanya kazi katika nchi za nje: Arabuni, Hong Kong, Singapore, na katika meli za bahari zote. Fedha wanayotuma hulipa karo na kujenga nyumba. Lakini mtoto hukua akimjua baba kwa sauti ya simu, na mke huzeeka akingoja. Kwa hiyo watu hawa wanajua ugeni ni nini, kwa kuwa kila nyumba ina mgeni wake mahali fulani duniani.

Ijumaa tulikwenda Quiapo, katikati ya mji. Katika basilika ya hapo imo sanamu ya Bwana wetu Yezu akichukua msalaba, iliyochongwa katika mti wenye rangi nyeusi. Yasemekana ililetwa kwa meli kutoka Mexico mwaka 1606. Huitwa Mnazareti Mweusi. Kila tarehe 9 Januari hutembezwa njiani, na umati wa watu wenye miguu mitupu huisindikiza kwa saa nyingi. Ijumaa za kawaida pia kanisa hujaa. Tuliona wanaume wenye mikono migumu wakitembea kwa magoti hata altareni, wakilia bila haya.

Lakini haifai kuwaficha wasomaji wetu jambo jingine. Hatua chache kutoka mlango wa kanisa, kati ya wauza mishumaa na wauza majani ya dawa, tuliwaona watoto wamelala juu ya vipande vya makaratasi magumu. Watu waliwaruka wakienda kusali. Nasi tuliulizwa mara kumi kwa siku kama tuna mwenzetu. Je, hawa nani anawauliza? Adabu ya mji hata ikiwa nzuri namna gani, wako ambao haiwafikii. Tuliona vilevile masista wawili wakiinama na kusema nao kwa majina. Majina yao waliyajua. Hapo tulielewa kwamba mwanzo wa kumsaidia mtu ni kulijua jina lake.

Kutoka Quiapo, kwa mwendo mfupi wa miguu, tulifika Binondo, mtaa ulioanzishwa mwaka 1594 kwa ajili ya Wachina Wakristu. Huko alizaliwa Lorenzo Ruiz, baba yake Mchina, mama yake Mfilipino. Alikuwa mwandishi wa parokia, mtu wa ndoa, baba wa watoto watatu. Mwaka 1636 alishtakiwa kumwua mtu, akakimbia katika meli pamoja na mapadri Wadominiko. Meli ilikwenda Japani, ambako Wakristu walikuwa wakiteswa. Alishikwa, akaikataa nafasi ya kumkana Mungu, akafa kwa mateso huko Nagasaki mwaka 1637, mbali na mke na watoto. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mwaka 1987, wa kwanza katika taifa lake. Akina mama wenye watoto ng'ambo hupiga magoti mbele ya sanamu yake. Yeye naye alikufa ugenini, wanaamini atawasikia.

Jumatano ya mwisho tulipanda gari la moshi la mjini, lipitalo juu ya madaraja, hata Baclaran, upande wa kusini. Hapo lipo kanisa la Mama wa Msaada wa Daima, ambako mapadri Waredemptori walianza novena ya Jumatano mwaka 1948. Waumini huandika barua za maombi na za shukrani, na baadhi yake husomwa mbele ya watu wote. Jirani yetu alitufasiria kwa sauti ya chini: mmoja anashukuru kwa kuwa mumewe baharia amefika salama, mwingine anaomba mwanawe aache ulevi, mwingine hana kazi. Jina halitajwi. Maelfu ya watu wakaitikia pamoja, na shida ya mtu mmoja ikawa sala ya wote, kama fedha ile ya jeepney inavyopita mikononi hata ifike.

Ndugu wasomaji, na ninyi wanafunzi mtakaoondoka kesho kutafuta masomo au kazi katika miji mikubwa, msiogope wingi wa watu. Mji hauna ndugu, ni kweli, ikiwa kila mmoja anangoja kuulizwa. Aulizaye kwanza, "Una mwenzako?", amekwisha kumpata mwenziwe.