Dhima ya Kosa la Tahajia katika Tatuu: Kisa cha Ritifaa Moja

Katika mafunzo ya fonolojia ya Kiswahili, tofauti baina ya ng na ng' hufundishwa mapema, na mifano huwa ni ileile: ngoma na ng'ombe, ngoa na ng'oa. Kwa miaka mingi nimewasahihisha wanafunzi walioisahau ritifaa, nikiwapunguzia alama pasi na huruma. Kisa ninachokusudia kukisimulia hapa kinahusu ritifaa niliyoiacha mimi mwenyewe, na mahali ilipokosekana ni mkononi mwa mtu.

Mwanafunzi mmoja kutoka Ujerumani alisoma kwetu kwa muhula mmoja. Dada yake alipokuja kumtembelea nilimfundisha maneno machache, likiwamo kung'ara, naye akalipenda hata akawa anamwamkia kila mtu kwa kumwambia "Ng'ara!" Miaka ikapita. Siku moja nikapata ujumbe katika simu: dada amefariki dunia, naye angependa neno lile lichorwe mkononi mwake, je, Mwalimu, huandikwaje? Nilikuwa ndani ya daladala. Nikatuma salamu za pole, kisha nikaandika herufi tano: Ngara. Katika ujumbe wa simu nilikuwa nimezoea kuiacha ritifaa, kwa kuwa msomaji anayekijua Kiswahili huijaza mwenyewe.

Mchora tatuu alinakili kwa uaminifu. Kosa lilidhihirika baada ya miezi kadhaa, pale abiria mmoja katika treni, mzaliwa wa Burundi, alipouona mkono ule akamwuliza kwa Kiswahili kama naye aliwahi kuishi kambini. Ngara ni wilaya ya Mkoa wa Kagera, mpakani mwa Rwanda na Burundi, na kwa watu wengi wa Maziwa Makuu jina hilo ni la kambi za wakimbizi za miaka ya 1990. Neno la dada aliyefariki lilikuwa limegeuka kumbukumbu ya msiba wa watu wengine.

Aliponipigia simu nilianza kwa kujitetea. Nilimweleza kwamba kazi ile ilipita mikononi mwa watu watatu, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na kamusi. Akanijibu kwa upole: "Mwalimu, kamusi ninayo. Sikuifungua kwa sababu nilikuwa nimekuuliza wewe."

Jibu hilo lilinilazimisha kuitafakari upya dhima ya kila mhusika: mtoa neno, mchoraji na mwenye mwili. Aghalabu lawama humwendea mwenye mwili, na pengine ni haki. Mathalani, mwaka 2019 mwanamuziki Ariana Grande alitaka kuchorwa maneno ya Kijapani yenye maana ya pete saba kiganjani, akapunguza baadhi ya herufi kwa sababu ya maumivu. Zilizobaki zikasomeka kuwa jiko dogo la mkaa. Pale uamuzi wa kufupisha ulikuwa wake. Mwanafunzi wangu hakufupisha kitu.

Chale za usoni za Wamakonde zatupa mfano ulio kinyume. Fundi aliyezichanja aliijua michoro ya jamii yake kama alivyokijua kisu chake, na watazamaji waliijua pia. Katika tatuu ya lugha ya kigeni ujuzi na mkono vimetengana: achoraye hajui, na achorwaye amemwamini ajuaye. Kwa maoni yangu, basi, dhima huufuata ujuzi. Miongoni mwetu watatu, ni mimi pekee niliyeweza kuliona kosa kwa kulitazama tu.

Huenda msomaji akahoji kwamba tahajia sanifu ni mapatano ya juzi tu, yaliyotiliwa mkazo tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, na kwamba miswada yetu ya hati za Kiarabu mara nyingi haikuzitenga ng na ng'. Ni kweli. Lakini miswada ile iliandikiwa wasomaji waliokwisha kuyajua maneno. Ngozi husomwa na yeyote apitaye.

Makala ya jarida hupitiwa na wahakiki kabla ya kupigwa chapa, na kosa likiponyoka husahihishwa katika toleo lifuatalo. Neno nililolituma kutoka ndani ya daladala halikupitiwa na yeyote, nami sikuomba nionyeshwe mchoro. Siku hizi niombwapo neno la namna hiyo huliandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, humwonyesha mwenzangu mmoja idarani, kisha huomba kuuona mchoro wa karatasi kabla ya sindano kugusa ngozi.

Ritifaa ile ilikuja kuongezwa, ingawa kwa kubanwa kati ya herufi mbili. Mwanafunzi wangu aliniletea picha kabla ya kwenda kwa mchoraji, nami niliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopata kuitazama tasnifu yoyote.