Dere wa Farasi

Watu wakisikia kwamba nafanya kazi na farasi, swali la kwanza huwa lilelile: unawapanda? Siku hizi nakata maneno kwa kusema ndiyo, mara mojamoja. Ukweli ni kwamba mwezi unaweza kupita bila mimi kukalia tandiko. Kazi yenyewe ni samadi, maji, kwato, na kulichunga jua jioni linapoinama. Anayetaka kupanda tu aende Naivasha, alipe, atembezwe kati ya pundamilia na twiga, kisha arudi kwake na picha zake. Simlaumu. Ila hiyo si kazi.

Kabla ya kazi hii nilikuwa dereva wa trela. Mombasa hadi Malaba, wakati mwingine mbele hadi Kampala, kontena nyuma na tanboi kando. Nyumba yangu iko Nakuru, lakini huwezi kuegesha trela la mtu mtaani ukaenda kulala na mkeo. Nililala Salgaa pamoja na wenzangu, mwendo wa nusu saa kutoka kitandani kwangu. Mteremko ule wa kutoka Mau Summit hadi Salgaa ndio uliotufundisha adabu. Wapo walioteremka gia ikiwa nyutro ili waokoe dizeli kidogo ya kuuza, breki zikashika moto na gari likawashinda. Sachangwan ni hapohapo. Ni pale ambapo Januari 2009 lori la petroli lilianguka, watu wakakimbilia na mitungi, moto ukalipuka na kuua zaidi ya mia moja. Sikuwapo siku ile, lakini nilipita baadaye mara nyingi mno, na hakuna mara niliyopita nikiwa nawaza jambo jingine.

Mwaka 2019 reli mpya ilivuka Nairobi ikaingia Bonde la Ufa, na mwaka uliofuata serikali ikataka mizigo ya nchi jirani ipelekwe kwa treni hadi Naivasha. Mwaka huohuo ikaja Korona. Madereva tulikuwa tukipimwa mpakani na kusubiri majibu, na foleni ya Malaba ikarefuka kilomita baada ya kilomita. Tulipika kando ya barabara, tukaoga kwa maji ya chupa, na wanakijiji wakatukwepa kwa sababu redio ilikuwa imesema sisi ndio tunaosambaza ugonjwa. Niliporudi, tajiri alikuwa ameamua kuuza baadhi ya magari, langu likiwamo. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, mgongo unauma, na sikujua kazi nyingine.

Rafiki akaniambia kuna shamba moja juu ya Njoro linatafuta dereva. Lori la kubeba farasi, kuwapeleka Ngong siku za mashindano na kuwarudisha. Niliajiriwa kuendesha, si kugusa. Na kwa kweli sikutaka kugusa. Mnyama mwenye uzito wa karibu nusu tani, mwenye akili zake mwenyewe, mie wa nini?

Kontena halijali ukikata kona vibaya. Farasi hujali. Husimama safari nzima, na kila ukikanyaga breki analazimika kujishikilia kwa miguu minne, misuli ya mapaja ikikaza. Ukimchosha njiani, atafika Ngong akiwa ameshakimbia mashindano yake ndani ya lori. Safari ya kwanza aliketi kando yangu saisi mkuu, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, na hakusema lolote mpaka tulipoanza kupanda kutoka Mai Mahiu, karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Hapo akasema, “Dere, huyu wa nyuma kulia amechoka. Tafuta pahali pa kusimama.” Nilimuuliza amejuaje na wala hawaoni. Akasema anasikia anavyohamisha uzito wa miguu. Mimi nilikuwa nimesikiliza magari karibu nusu ya umri wangu, injini, bearingi, hewa ya breki, nikadhani hakuna mlio unaonipita. Tuliposimama nilishuka pamoja naye nikamshikia ndoo ya maji. Nadhani ukuta wa kuajiriwa kuendesha tu ulianza kubomoka pale.

Jina la Dere limenishika mpaka leo, hata kwa vijana wanaofagia mabanda. Wenzangu wengi walikuwa wadogo kwangu, na mwalimu wangu wa kwanza wa kufunga hatamu alikuwa msichana wa umri wa binti yangu. Aliniita “Baba” kwa heshima zote, kisha akanikaripia vilevile. Alinifundisha nisimwendee farasi kutoka nyuma wala moja kwa moja mbele ya paji la uso, kwa kuwa hapo haoni. Macho yake yako pembeni na anaona karibu pande zote isipokuwa hizo. Hilo sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Trela nalo lina pembe zake zisizoonekana kwenye vioo, na anayepita hapo bila kukujulisha ndiye unayemponda. Basi naanzia begani, nasema neno, naweka mkono, kisha ndipo nazunguka nikiuburuta mkono mwilini mwake ili ajue nilipo.

Mambo ya tumbo ndiyo yaliyonitia hofu kuliko mateke. Farasi hawezi kutapika. Akila kitu kibaya, au utumbo ukijisokota, hakuna mlango wa kutokea isipokuwa mmoja, na huo ukiziba ni msiba. Ndiyo maana Mzee kila alfajiri hutazama samadi kabla ya kumtazama farasi. Ngapi, laini au kavu, imeangukia wapi. Kisha huweka sikio ubavuni. Tumbo zima hunguruma. Tumbo lililonyamaza ni la kumwita daktari wa mifugo sasa hivi, si baada ya chai. Wakati wa kumsubiri daktari mnamtembeza mnyama polepole asigaegae, mkipokezana, hata iwe usiku wa baridi ya Mau ambayo anayeishi mjini Nakuru haijui.

Na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huenezwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Pundamilia hubeba virusi vyake bila kuumwa. Farasi huvimba juu ya macho, hukosa pumzi, povu likamtoka puani, na mara nyingi huwa amekufa kabla hujamaliza kuuliza nini kimetokea. Kuna chanjo ya kila mwaka, lakini Mzee hategemei sindano peke yake. Saa kumi na moja jioni farasi wote wawe ndani, hasa baada ya mvua. Mwenye shamba akiwa na wageni wanaotaka kuendelea kupanda mpaka jua lizame, ni Mzee anayekwenda kuwaambia basi, na nimeona watu wakubwa wakishuka.

Njoro ina historia ndefu ya farasi, na imeandikwa sana. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 hapa mwaka 1903. Clutterbuck alifuga farasi wa mashindano, na binti yake, Beryl Markham, alikulia mabandani akawa mwanamke wa kwanza kupata leseni ya kuwafunza nchini Kenya, kabla ya kuivuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936. Wageni huja na vitabu mkononi wakiuliza nyumba ilikuwa wapi. Kati ya Waafrika waliowalisha na kuwapiga brashi farasi hao, anayejulikana ni arap Ruta, rafiki wa Beryl tangu utotoni, ambaye alifanya naye kazi mabandani. Naye tunamjua kwa sababu Beryl aliandika. Wengine wote hawana hata kaburi linalotajwa. Mzee alijifunza kwa baba yake, na baba yake kwa masaisi waliomtangulia. Wanafunzi wa udaktari wa mifugo wakija huandika maneno yake madaftarini mwao. Wao watapata shahada. Yeye hana karatasi yoyote inayosema anajua lolote, na akiacha kazi leo, kwa mwajiri mwingine ataanza na mshahara wa kibarua. Hilo linaniudhi kumshinda yeye.

Nilichokuja kukipenda mwenyewe ni kwato. Labda ni mikono iliyozoea spana. Ukwato hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo kila wiki sita hivi viatu vinavuliwa, ukwato unakatwa, unasawazishwa kwa tupa, na chuma kinafinyangwa upya juu ya fuawe. Kuna mstari mweupe ukiugeuza ukwato juu. Msumari upite nje ya mstari huo, ndani ya ukuta usio na hisia. Ukiingia ndani umemchoma nyama. Unapigilia ukisikiliza: mlio mkavu maana yake unapita pagumu, mlio mzito maana yake simama.

Ufundi huo ndio ulionirudisha Nakuru mjini, kwa punda. Kaptembwa na Rhonda kumejaa mikokoteni ya maji, mchanga na mahindi, na punda wengi wana kwato zilizojikunja kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzikata. Punda hahitaji viatu mara nyingi, anahitaji kisu na tupa. Wakati vichinjio vya punda vilipofanya kazi Naivasha na Mogotio, ngozi zikienda China kutengeneza dawa ya ejiao, wenye mikokoteni walilala mlangoni mwa zizi. Kulikuwa na waliokuta asubuhi mzoga umechunwa umeachwa. Hesabu ya taifa ya 2009 ilikuwa na punda milioni 1.8, ile ya 2019 haikufika milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji Februari 2020, mahakama ikalitengua katazo mwaka uliofuata, kisha Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kusimamisha biashara ya ngozi barani kote. Kijana mmoja wa maji aliniambia hayo ya Addis hayamhusu, yeye anajua tu kwamba kufuli ameinunua mwenyewe. Punda wake nilimkata kwato kwa mkopo. Alilipa.

Kwa farasi wa Njoro, Gilgil na Naivasha nalipwa vizuri. Kwa punda nalipwa kile mtu alicho nacho, mara nyingine madebe mawili ya maji. Ukijumlisha yote bado hayafikii nilichopata barabarani mwezi mzuri, ila sasa hakuna mwezi ninaolala Salgaa. Lori la Ngong bado naliendesha Jumapili za mashindano. Leseni ya magari makubwa bado naihuisha, na ada yake huilipa mke wangu kutoka simu yake. Anasema farasi ni wa watu.